Anayetunza programu za zamani naye ajivunie kazi yake

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Ndugu wanapokutana sikukuu na kila mmoja kueleza kazi yake, aliyetengeneza programu mpya ya simu hupongezwa. Yule anayetunza programu ya mishahara iliyoandikwa kabla hajazaliwa hujibu tu, "Nashughulika na kompyuta," kisha hunyamaza.

Ukimya huo si wa kupuuzwa. Mtu anayeionea haya kazi yake huirudisha haya hiyo nyumbani. Huwa mkali kwa watoto, hukwepa maswali ya mwenzi wake, na wakati mwingine huacha kazi nzuri ili tu asionekane amebaki nyuma. Mara nyingi anachokosa si mshahara, bali kuona faida ya anachokifanya.

Faida hiyo ipo. Lugha ya kompyuta iitwayo COBOL ilianza kubuniwa Marekani mwaka 1959, na hadi leo inatumika katika benki na ofisi za serikali. Aprili 2020, Uviko-19 ilipowaacha watu wengi bila ajira, gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wajuzi wa lugha hiyo wajitolee. Maombi ya mafao yalikuwa yamefurika, na mifumo ya jimbo ilikuwa ya miaka mingi. Ujuzi ulioonekana umepitwa na wakati ndio uliotafutwa, kwa sababu nyuma ya maombi hayo zilikuwapo familia zinazosubiri pesa ya chakula.

Mfano mwingine ni chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977. Novemba 2023 kilianza kutuma taarifa zisizosomeka. Wahandisi wa NASA waligundua kuwa chipu moja ya kumbukumbu imeharibika. Waliigawa programu iliyokuwamo na kuihamishia sehemu nyingine, huku kila ujumbe ukichukua saa 22 na nusu kukifikia chombo. Aprili 2024 taarifa zikaanza kusomeka tena. Hawakuunda chombo kipya. Walikielewa cha zamani.

Hata hivyo, fahari haiji yenyewe. Kwanza, fundi aende akakae siku moja na mhasibu au karani anayeitumia programu hiyo. Akishawaona watu wanaoitegemea, hataiona tena kuwa takataka. Pili, awe na daftari la kila hitilafu, chanzo chake na namna alivyoirekebisha. Tatu, awatafute wazee walioiandika kabla hawajasahau, kwani sababu nyingi za programu kuwa ilivyo zimo vichwani mwao tu. Nne, kila anapogusa sehemu fulani, aiache ikiwa safi kuliko alivyoikuta. Baada ya mwaka, daftari litamwonyesha umbali aliotoka.

Kujivunia kazi hakumaanishi kubeba kila mzigo. Anayeamshwa usiku kila mara kwa sababu ni yeye peke yake anayeujua mfumo ana haki ya kumwomba mwajiri ampe msaidizi wa kumfundisha. Vilevile, kujifunza lugha mpya hakumzuii kuiheshimu ya zamani.

Familia nayo ina sehemu yake. Mzazi aache kumlinganisha kijana wake na mtoto wa jirani. Mke au mume, badala ya kuuliza, "Leo umetengeneza nini?" aulize, "Leo umezuia nini kisiharibike?" Swali hilo la pili lina majibu mengi, na mengi hayajawahi kusikika nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeziba nyufa kila siku hana ukuta mpya wa kuwaonyesha watu. Ushahidi wake ni mishahara iliyoingia kwa wakati, bila yeyote kujua kwamba usiku uliotangulia ilikaribia kukwama.