Kifungu cha 162 Si Mila Yetu

Kila mjadala wa wapenzi wa jinsia moja unapozuka katika mabaraza yetu ya ughaibuni, husimama mtu, aghalabu msomi, akadai kwamba sheria ya Kenya inalinda mila za Waswahili. Natamani anitajie Mswahili aliyeitunga.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotoa miaka 14 jela kwa kujamiiana «kinyume cha maumbile», kilianza kutumika mwaka 1930. Mzizi wake ni kifungu cha 377 cha sheria ya jinai ya India ya 1860, ambayo Waingereza waliileta Afrika Mashariki mwaka 1897. Hakuna mzee wa Mombasa aliyeulizwa. Uingereza yenyewe ilianza kujivua sheria za namna hiyo mwaka 1967. Mahakama ya Upeo ya India ikawaondolea watu wazima walioridhiana kosa la 377 mwaka 2018. Sisi tumebaki na nguo kuukuu ya mgeni, tunaiita kanzu ya babu.

Na lugha yetu inasema nini? Neno hanithi tumelipata kwa Waarabu, na Unni Wikan alipoandika mwaka 1977 juu ya mahanithi wa Sohar, Oman, hakuwa akimsimulia mpwani jambo geni. Shoga lilikuwa neno la wanawake kuitana kwa urafiki kabla halijageuzwa tusi. Sitaki kuipamba jana: watu hao walidhihakiwa, na dini ilikemea. Ila jirani alimsema jirani, kisha wakakutana arusini. Anayetaka kuegemea fiqhi basi aegemee fiqhi, asituletee kanuni ya wakoloni akaivika kilemba.

Tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi walikataa kuvibatilisha vifungu hivyo. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa miungano ya jinsia moja, ilhali Katiba ya 2010 inataja ndoa ya mke na mume. Waombaji hawakuomba ndoa! Waliomba wasiwe wahalifu. Februari 2023 Mahakama ya Upeo, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba kuwanyima watu usajili wa shirika lao kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi ni ubaguzi. Kwa hiyo mtu aweza kusajili shirika la kutetea haki zake asubuhi, na usiku akawa mhalifu chumbani mwake.

Wenzangu mnaofundisha London na kwingineko, mnaijua historia hii kuliko mimi. Kimya chenu hakina udhuru wa kutojua. Huko nyumbani, kijana anayetishwa na mlaghai kwamba atatangazwa asipotoa pesa, hawezi kuingia kituo cha polisi akaeleza kisa chake chote bila kujishitaki mwenyewe.