Hakuna cha damu tamu, ni miguu yako!

Leo nina dukuduku, acha nilitoe. Pita hosteli yoyote usiku uone: neti zimefungwa fundo juu ya vitanda. Ukiuliza, unajibiwa, "Damu yangu chungu, mbu hawanitaki." Mwingine eti anaoga mara mbili kwa siku.

Jamani, mbu ataijuaje damu kabla hajakuuma? Anafuata kwanza hewa ya kaboni unayoitoa puani, halafu harufu ya ngozi. Bakteria wa ngozi wanavunja jasho na mafuta ya mwili, zinabaki asidi za mafuta, zile zile zinazofanya soksi inuke. Oga tu, ni vizuri, ila bakteria hao huwamalizi kwa sabuni.

Na hii si stori ya kijiweni. Kule Bonde la Kilombero, Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichanganya asidi hizo na amonia, asidi ya laktiki na hewa ya kaboni, wakategea mbu kwenye vibanda vya majaribio. Matokeo yalitoka 2010: kibanda chenye harufu hiyo kilivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko kibanda chenye mtu.

Wajanja wakiishia hapo wanasema, "Basi tutundike soksi dirishani tulale!" Malizieni basi kusoma. Chambo na mtu walipowekwa kibanda kimoja, chambo kilitoka sare na mtu au kikashindwa. Yaani mtego unafaa ukikaa mbali na unapolala. Ndani ya chumba chako, chambo ni wewe.

Ni kweli, wapo wanaovutia mbu kuliko wengine. Lakini kuumwa kidogo sio kutoumwa. Mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kukulaza wiki ya mitihani, na akina mama wajawazito na watoto huko nyumbani anawaua kabisa.

Dawa yake mnaijua. Bonde hilo hilo lilianza kuuziwa neti za dawa kwa bei nafuu 1997, na utafiti uliotoka 2001 ukaonyesha uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliozitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Wakulima wa mpunga walielewa. Sisi wasomi tunabishana kuhusu utamu wa damu!

Shusheni neti, bwana. Nawakilisha.