Nambari za Muziki na Somo la Ngeli

Wapo wanaodai kwamba nadharia ya muziki haifundishiki kwa Kiswahili kwa uhaba wa istilahi. Dai hili linapuuza mfumo wa nambari, ambao mwanaisimu wa Kibantu anaujua kwa sura nyingine. Katika karne ya 19, Wilhelm Bleek alizipa ngeli nambari. Kiambishi hubadilika kutoka lugha hadi lugha, nambari haibadiliki: ngeli ya 2 ni wa- katika Kiswahili, aba- katika Kiganda na Kizulu.

Katika muziki, ufunguo ni mithili ya lugha. Kwenye ufunguo wa C, kodi (yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya 1 ni C, ya 4 ni F, ya 5 ni G. Kwenye ufunguo wa G, herufi hugeuka kuwa G, C na D, ilhali majukumu hayageuki: ya 1 ndiyo maskani ya wimbo, ya 5 huurejesha wimbo maskani. Ndiposa wanamuziki wa studio za Nashville, Marekani, wakaukumbatia mfumo huu: mwimbaji akibadilisha ufunguo, karatasi haiandikwi upya.

Mwanakwaya wa Kenya asomaye do, fa na so amekwisha kufika nusu ya safari. Aliyekariri herufi ana ufunguo mmoja. Aliyeelewa nambari anazo zote. Kwanza, nne na tano ni maneno ya Kiswahili tangu jadi. Kilichoadimika si istilahi, bali ari ya kuzifundishia.