Damu Yetu Ilishafika Maabara, Sisi Tumebaki Getini

Wasee, kama unatoka Gatwekera ama Soweto West kule Kibera, huenda mtu alishabisha kwenu na maswali: nani amekohoa wiki hii, nani ana joto, nani anaendesha. Hiyo kazi si ya juzi. Kwa miaka mingi KEMRI wakishirikiana na CDC ya Marekani wamefuatilia magonjwa nyumba kwa nyumba katika vijiji hivyo viwili, na waliosajiliwa wakiugua wanatibiwa bure pale kliniki ya Tabitha. Sampuli zinachukuliwa, zinaenda maabara.

Mtu asiniwekee maneno mdomoni: ile ni kazi nzuri. Takwimu za Kibera ndizo zilionyesha kuwa taifodi inachapa watoto wa mtaa kuliko wale wa Lwak kule Siaya, na tofauti haikuwa ndogo. Julai 2025 Kenya ikaanza kuwapa watoto chanjo ya taifodi nchi nzima. Mtaa ulichangia hapo, na ulichangia kwa mwili.

Sasa sikia penye inaniuma. Makao makuu ya KEMRI yako Mbagathi Way. Kutoka Laini Saba unatembea tu, nauli ya nini? Ukiwa Kawangware, unafuata Naivasha Road hadi Uthiru na uko karibu na ILRI, penye wanachambua jeni za ng'ombe na vimelea vyao, na Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko majirani. Tumezungukwa na maabara za molekyuli. Lakini ingia darasa lolote la Kidato cha Nne mtaani uulize nani anamjua mwanasayansi kwa jina. Watakutajia yule dada wa kubeba fomu. Mtu wa fomu tunamjua. Mtu wa pipeti hatumjui, na hatujawahi kuambiwa anafikaje pale.

Basi wacha niwaambie anafikaje, kwa sababu hapa ndipo watu wanachezwa.

Unasoma digrii, tuseme Biokemia ama Bayoteknolojia. Hiyo karatasi peke yake haikufikishi mbali. Utafiti ni kazi ya mikono, karibu kama fundi wa jua kali. Chukua PCR, ile njia ya kuzidisha kipande cha DNA. Kwa karatasi ni rahisi: pasha joto kama nyuzi 95 nyuzi za DNA ziachane, teremsha hadi 50 na kitu vianzio vishike, panda 72 kimeng'enya kijenge nakala, rudia mara thelathini hivi. Kila mzunguko nakala zinaongezeka maradufu. Unaweza kukariri hii kwa matatu. Lakini siku ya kwanza ukishika pipeti utaweka mate yako ndani bila kujua, utasahau kitu kimoja, na jioni hutaona chochote. Unajifunza kwa kuharibu, na kuharibu kunahitaji mtu akuachie benchi na vitu vya kuharibu.

Hilo benchi unalipata wapi? Atachi. Na atachi nyingi hazilipi hata shilingi. Zingine, manze, wewe ndiye unalipa! Mimi nilipata barua ya kukubaliwa na maabara moja hapa Nairobi, jina nitaliacha, na chini ya "hongera" kulikuwa na akaunti ya benki. Weka hiyo, ongeza nauli ya miezi mitatu, chakula cha mchana, koti jeupe, bima. Alafu kumbuka kuwa hiyo miezi mitatu ndiyo ungekuwa unasaidia mathe kwa kibanda ama ukipata kibarua cha kulipa kodi.

Kwa hivyo nani anafanya atachi ya bure? Mtoto wa Lavington, ng'ambo ya barabara tu kutoka Kawangware. Simchukii. Lakini yeye anatoka pale na ujuzi wa mikono na barua ya mapendekezo kutoka kwa daktari fulani wa PhD. Mwaka unaofuata anaomba nafasi ya uzamili yenye ufadhili kamili, kama ile ya Taasisi ya Pan African University pale JKUAT, na fomu inauliza uzoefu. Yeye anao. Wewe una alama sawa, pengine hata bora, na nafasi tupu kwa karatasi. Halafu tunaambiwa aliyechaguliwa ni aliyefaa zaidi. Kufaa kulinunuliwa mapema, na bei tuliiona kwa ile barua.

Najua jibu la wenye maabara, na lina ukweli wake. Kemikali zinaagizwa nje, zinafika ghali, pesa yenyewe ni ya wafadhili. Januari 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa misaada, kazi nyingi hapa zilisimama, na wenye digrii wakarudishwa nyumbani. Na serikali yetu? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema hazina ya utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Imeandikwa kabisa. Haijawahi kutolewa. Mwanasiasa anayetupatia basari ya elfu tano kwa picha kubwa na makofi ajibu hiyo kwanza.

Lakini "hatuna pesa" haitoshi kunifunga mdomo, kwa sababu Kilifi wanafanya. Mpango wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi, uliokuweko tangu 1989, una utaratibu wa kuchukua vijana wa shule za huko waliomaliza kidato cha nne na kuwaingiza kituoni kwa miezi kadhaa, wakae na watafiti, waone kazi yenyewe. Wao pia wanategemea wafadhili. Tofauti ni kwamba mtu aliketi akaamua kuwa jamii inayotoa sampuli inafaa pia kutoa watafiti. Kibera na Kawangware tunangoja nani aamue?

Nanyi walimu wa Bayolojia, pole, lakini nanyi mko kwa orodha. Nimechoka na "hatuna vifaa". Ukuaji wa kiinitete tunafundishwa kwa mchoro wa ubaoni wakati mama wa mayai ya kienyeji yuko nje ya geti. Yai lililopandwa na jogoo, likiwekwa kwenye joto la karibu nyuzi 38, moyo wa kifaranga unaanza kupiga kama siku ya pili. Siku ya nne, chumba kikiwa na giza, mulika kwa tochi ya simu: utaona mishipa ya damu imetandaa kama mizizi. Huo ni mwili unajijenga mbele ya macho yako, na wenye mashine za kuangua wamejaa mtaani.

Ama wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana pale sokoni. Nzi wa aina hiyo anatoka yai hadi mtu mzima kwa takriban siku kumi, na maabara kubwa duniani wanamlisha unga wa mahindi, sukari na hamira. Yaani uji! Mwaka 1995 Lewis, Nüsslein-Volhard na Wieschaus walipewa Nobel kwa kuonyesha jeni zinazopanga mwili wa nzi, wapi kichwa, wapi bawa, na nyingi kati ya hizo zina ndugu zao ndani yetu. Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE hapa Nairobi 1970, akijenga jina kwa wadudu. Wakati huo ni wangapi waliamini Mwafrika anaweza kupata heshima kwa kusoma mbung'o? (Mbung'o jike, kwa taarifa yako, hatagi mayai. Anabeba buu mmoja tumboni na kumlisha maziwa. Ukishajua hivyo, riwaya gani tena itakushangaza?)

Kuna rafiki zangu watasema achana na hayo, soma koding, bayolojia haina kazi. Buda, jeni siku hizi zinasomwa kwa kompyuta. Mfuatano wa DNA wa mamia ya maelfu ya aina za viumbe uko GenBank, bure. Anayejua koding na pia anajua jeni ni nini, hatakosa pa kuanzia. Na kabla ya Gredi ya 10 kuanza Januari 2026 watoto waliambiwa wachague njia, STEM ikiwa mojawapo. Wamechagua. Njia inaishia wapi kama geti limefungwa?

Kwa hivyo kila maabara inayochukua sampuli Kibera ama Kawangware, tengeni nafasi za atachi kwa vijana wa hapo hapo, zenye posho, na mkiandika "posho" andikeni ni pesa ngapi. Ondoeni ile akaunti ya benki chini ya hongera. Na tangazo lisikae LinkedIn peke yake. Libandikeni Olympic, Toi na stage ya 46, mahali yule dada wa fomu hupita kila asubuhi.