Dhamana si Zawadi: Juu ya Nyumba za Askari, Wastaafu na Wafanya Kazi

Siku hizi ni nadra mtu kukaa barazani, iwe Wete, Mkoani au huku Unguja, asisikie habari za kijana wa fulani aliyeko Marekani: kaingia jeshini huko, na serikali imempa nyumba. Mara husikia habari za mzee wa fulani aliyefanya kazi huko miaka mingi, kwamba serikali humlipa kila mwezi na nyumba juu yake. Wasomaji wetu kadhaa wametuuliza kama maneno haya ni kweli. Na kama ni kweli, wametuuliza tena, mbona mkulima wa karafuu, ambaye jasho lake limeilisha nchi hii miaka na miaka, hajapewa hata bati moja?

Swali hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Lakini halina jibu la haki mpaka lile la kwanza lifahamike vyema, na twaona kuwa halifahamiki. Wenzetu wa Marekani hawapewi nyumba. Wanachopewa ni mdhamini. Baina ya mambo mawili hayo pana tofauti kubwa, na asiyeijua huweza kuuza shamba lake kwa kumtumia mtoto pesa za kitu ambacho kingepatikana bila ya pesa hizo, au kulilia kitu ambacho hata huko hakipo.

Tuanze na askari. Tarehe 22 Juni 1944, Vita Vikuu vya Pili vikiwa bado vinapiganwa, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari watakaorejea makwao. Haikuwa huruma tupu. Wakubwa wa nchi ile walikuwa hawajausahau mwaka 1932, askari wa Vita vya Kwanza walipokwenda Washington kwa maelfu kudai haki yao ya fedha, nao wakaondoshwa kwa nguvu ya jeshi. Basi safari hii walitaka kutangulia. Katika jambo la nyumba, sheria haikusema kila askari ajengewe. Ilisema askari akienda kukopa, serikali itamdhamini nusu ya deni, mradi dhamana yenyewe isizidi dola 2,000, na riba isizidi 4 kwa mia. Hata kufika 1955, mikopo ya nyumba milioni 4.3 ilikuwa imekwisha dhaminiwa kwa njia hiyo, na thamani yake jumla dola bilioni 33. Serikali haikutoa bilioni hizo. Zilitoka kwa wakopeshaji, kwa kuwa walijua nani amesimama nyuma ya mkopaji.

Sheria ile ingaliko mpaka leo, ingawa imebadilishwa mara nyingi. Askari aliyetimiza muda wa utumishi hupewa cheti na Idara ya Askari Wastaafu kinachoonyesha kuwa anastahili. Si lazima awe raia; mgeni mwenye ruhusa ya kukaa daima huweza kuandikwa jeshini, na ndiyo maana vijana wetu nao wamo. Akiwa na cheti hicho huenda benki. Tuseme anataka nyumba ya dola 200,000. Mtu mwengine angeambiwa atangulize fungu la fedha zake. Huyu huweza asitangulize hata senti moja. Serikali humdhamini robo, yaani dola 50,000. Lakini kwa kuwa ni mara yake ya kwanza na hakutanguliza kitu, hutozwa ada ya dhamana ya 2.15 kwa mia, nayo ni dola 4,300, ila akiwa analipwa fidia ya ulemavu alioupata jeshini, hapo husamehewa. Kisha deni lake ni lake. Kwa riba ya 6 kwa mia na miaka 30 ya kulipa, atatoa karibu dola 1,199 kila mwezi, na siku atakayomaliza atakuwa ametoa zaidi ya dola 431,000 kwa nyumba ya 200,000. Juu ya hizo ipo kodi ya nyumba na bima.

Na asipolipa? Hapa ndipo barazani hapasemwi. Nyumba huuzwa. Dhamana ya serikali humlinda kwanza aliyekopesha, maana yeye ndiye atakayelipwa sehemu ya hasara yake. Askari hubaki nje na mizigo yake, na haki yake ya kudhaminiwa tena hupungua mpaka hasara ile ilipwe.

Hatusemi haya kwa kuidharau sheria ile. Kuna jambo moja ndani yake tunalolitamani sana: nyumba haikopewi mpaka mkadiriaji aliyeteuliwa na idara aitazame na kutaja thamani yake, na bei ikiipita thamani hiyo, mnunuzi ana haki ya kuondoka na kurejeshewa amana yake. Mjane naye, ikiwa mumewe kafa jeshini au kwa ajili ya madhara ya jeshi, huweza kuirithi haki ya kudhaminiwa. Hayo ni mambo ya watu waliokaa wakafikiri.

Kwa wastaafu mambo ni mengine kabisa, na hapa ndipo watu wachanganyapo. Malipo ya kila mwezi apatayo mzee wa Marekani hutoka katika mfuko wa Hifadhi ya Jamii, uliowekwa kwa sheria ya 1935. Hayana uhusiano na nyumba. Mfanya kazi hukatwa 6.2 kwa mia ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Na aghalabu asiyetimiza kiasi cha miaka 10 ya kazi hapati kitu kwa jina lake. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hulipwa kwa ukamilifu akifika miaka 67. Huweza kuanza akiwa na 62, lakini fungu lake hukatwa kiasi cha 30 kwa mia, na mkato huo humfuata maisha yake yote. Fedha hizo zaweza kuhesabiwa kuwa ni pato mzee anapoomba mkopo wa nyumba, na sheria hairuhusu benki imkatae kwa sababu ya umri tu. Basi, ni hilo tu.

Lakini liko jambo linalofanywa na Wizara ya Kilimo yao, na sisi wakulima yafaa tulikazie macho. Wizara ile hukopesha na kudhamini nyumba za mashamba na miji midogo. Mtu wa kipato cha chini huweza kukopeshwa na wizara yenyewe bila ya kutanguliza fedha, kwa miaka 33, na riba yake ikapunguzwa mpaka 1 kwa mia kwa kadiri ya hali yake. Na mzee wa miaka 62 au zaidi, mwenye kipato cha chini sana, anayekaa katika nyumba yake mwenyewe na paa linavuja, huweza kupewa mpaka dola 10,000 za matengenezo ya kuondoa hatari. Fedha hizo hazirejeshwi, isipokuwa akiiuza nyumba kabla ya miaka mitatu kupita. Katika yote tuliyoyasoma, hii ndiyo zawadi ya kweli, na tazameni: si nyumba, ni paa.

Upo pia mkopo wa wazee ambao benki humlipa mzee badala ya mzee kuilipa benki, na deni hukua mpaka afe au ahame. Mzee akiacha kulipa kodi ya nyumba au bima, huweza kutolewa. Walio na jamaa huko wawaambie wasitie saini karatasi hiyo kabla ya watoto wao kuisoma.

Ama mfanya kazi wa kawaida, asiyekuwa askari wala mtu wa shamba, naye ana bima ya serikali juu ya mkopo tangu 1934. Hutanguliza 3.5 kwa mia akiwa na sifa nzuri ya kulipa madeni, na bima hiyo huilipia mwenyewe.

Sasa twende penye uchungu. Sheria ya 1944 haikubagua rangi katika maneno yake. Lakini iliuacha mlango mikononi mwa benki. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi, mikopo iliyodhaminiwa kwa askari ilizidi 3,200, na iliyowafikia askari weusi ilikuwa miwili. Miwili, mabwana! Watu waliovaa sare ile ile. Cheti walikuwa nacho, dhamana ilikuwepo, na karani wa benki alisema hapana. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba haikuja mpaka 1968, na kwa wakati huo nyumba za mwanzo zilikuwa zimekwisha panda bei mara kadhaa, na wenye nazo wamekwisha kusomesha watoto kwa thamani yake.

Kwa nini tunayaeleza haya katika jarida la wakulima wa karafuu? Kwa sababu sisi tunaijua rehani zaidi ya tunavyojisifia. Wazee wetu waliweka mashamba rehani katika miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, mpaka serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria ya 1934 ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo, na nyengine ya 1938 ya kusuluhisha madeni. Woga ule haujatutoka. Kisha wengi wetu leo tunalima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nazo si mali ya mtu kuuza. Mkulima ana mikarafuu, ana haki ya kuitumia ardhi, lakini hana anachoweza kukiweka mbele ya benki. Na pato lake? Mwaka mmoja mikarafuu huzaa mpaka wachumaji hawatoshi, na unaofuata hupati hata cha kutandaza juu ya jamvi. Benki hutaka kuona mshahara wa kila mwezi. Mkarafuu haulipi kwa mwezi.

Hatukuachwa mikono mitupu, na lazima tuseme kweli. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 ana haki ya Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa, awe alikuwa karani au mchumaji. Katika hilo tumewatangulia Wamarekani, ambao mfuko wao humtaka mtu awe amechangia. Lakini pensheni hiyo ni ya unga na mafuta ya taa, si ya kujengea.

Rai yetu, basi, ni kwamba tuache kudai nyumba na tudai mdhamini. Serikali inanunua karafuu zetu. Kumbukumbu za mauzo ya kila mkulima zinaweza kuwekwa. Kwa nini mauzo ya misimu mitano, mibaya kwa mizuri, yasihesabiwe pamoja kuwa ndiyo pato la mkulima? Na kwa nini serikali isisimame nyuma ya robo ya mkopo wa kujengea au kuezeka, marejesho yakikatwa msimu wa mauzo na si kila mwezi? Lakini twataka pia bei ya kazi ikadiriwe na mtu asiyekuwa fundi wala benki, na atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na pa kupeleka shauri lake. Bila ya hilo la mwisho tutajenga Mississippi yetu wenyewe, ambamo mwenye mjomba afisini hupata na asiyekuwa naye huambiwa arudi kesho.

Wako watakaouliza juu ya riba. Ni swali la haki, na jawabu lake limo kwa masheikh, si katika jarida hili. Twajua tu kuwa benki zinazouza kwa faida iliyokubaliwa badala ya kukopesha kwa riba ziko, na dhamana ya serikali huweza kusimama nyuma ya mauzo kama ilivyo nyuma ya mkopo. Wako pia wasemao kuwa mkulima akipewa nafasi hii atakula fedha na harusi. Wengine watakula. Hata Marekani nyumba huuzwa mnadani kila mwaka, wala hakuna aliyesema kwa hiyo askari wote wanyimwe.

Jambo hili tutalileta katika mkutano mkuu ujao. Kila mwanachama atakayehudhuria tunamwomba aje na stakabadhi zake za mauzo ya misimu mitano iliyopita, kwa kadiri alivyoweza kuzihifadhi, na makatibu wa matawi wawaandikie mapema wajane wanaoendesha mashamba ya marehemu waume zao, maana aghalabu stakabadhi hizo zimo kwa jina la marehemu.