Nusantara, Indonesia: siku 7 kwa mukulima, miaka 190 kwa mwenye feza

Munamo mwezi wa tatu mwaka 2024, wakaaji wa Pemaluan, kijiji cha wakulima kwenye kisiwa cha Borneo katika inchi ya Indonesia, walipokea barua. Ilitoka kwa wakubwa wa Nusantara, muji mukuu mupya ambao serikali inajenga karibu na pale. Iliwaambia kama nyumba zao hazifuati mupango wa muji, na kwamba wako na siku 7 za kuzibomoa wao wenyewe. Watu karibu 200 walihusika.

Kelele ilikuwa kubwa. Watetezi wa haki za binadamu waliingilia, magazeti yakaandika, na wakubwa wa muji walirudisha ile barua nyuma. Nyumba zilibaki. Lakini swali lilibaki pia. Namna gani mutu anazaliwa pahali, wazazi wake wanazikwa pale, na siku moja anaambiwa kama ni nyumba yake ndiyo imeingia katika muji, wala si muji ndio umeingia katika kijiji chake?

Pori ambalo halikuwa tupu

Muji mukuu wa Indonesia ni Jakarta, kwenye kisiwa cha Java. Uko na watu zaidi ya milioni 10, na unazama. Wakaaji na viwanda wamevuta maji ya chini ya udongo kwa pompu miaka na miaka, udongo unashuka, na bahari iko mulangoni. Kuongeza mafuriko, kuko misururu ya magari isiyo na mwisho. Juu ya hiyo, munamo mwezi wa nane mwaka 2019, Raisi Joko Widodo alitangaza kama muji mukuu utahamia jimbo la Kalimantan Mashariki, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Jakarta. Bunge lilipitisha sheria yake mwezi wa kwanza mwaka 2022.

Eneo la inchi kavu la Nusantara ni hektari zaidi ya 250,000. Bei iliyotangazwa ilikuwa rupia trilioni 466. Serikali ilisema itatoa kama asilimia 20 tu, na feza zingine zitatoka kwa kampuni na wafanyabiashara. Musomaji ashike hiyo asilimia 20 katika kichwa, sababu inaelezea mambo mengi yaliyofuata.

Mara nyingi pahali pale pameonyeshwa kama pori lisilo na mwenyewe. Lakini kuko Wabalik, wenyeji wa zamani wa Sepaku, wenye kuishi kwa shamba, kwa muto na kwa pori. Kiisha kampuni za mbao zilikuja, serikali ikazipa ruhusa ya kukata miti. Katika miaka ya 1970, chini ya Raisi Suharto, serikali ilileta pia familia za wakulima kutoka Java, kisiwa chenye watu wengi sana, na ikawagawia mashamba. Ng'ambo ya ghuba kuko Balikpapan, muji wa petroli, ambao ulikuwa unakua na kununua mazao ya vijiji. Hata pahali ambapo serikali iliweka alama ya kati ya muji mupya palikuwa ndani ya shamba la miti ya kampuni. Kwa hiyo udongo ule ulikuwa na wenyewe wengi. Shida ni kujua nani kati yao ana karatasi.

Karatasi ya kijiji na karatasi ya serikali

Hapa ndipo kuko kiini cha mambo. Wengi kati ya wakulima walioletwa na serikali kutoka Java walipata hati kamili za shamba. Wenyeji wengi hawakupata. Wako na karatasi yenye sahihi ya mukubwa wa kijiji, yenye kufanana na ile ambayo shefu wa lokalite anatoa katika Kongo. Ao wako na ushahidi wa macho tu: muti wa matunda uliopandwa na babu, kaburi, mupaka wa mufereji. Kijijini hiyo inatosha. Mbele ya ofisi ya ardhi, haitoshi.

Mahakama ya Katiba ya Indonesia ilisema tangu mwaka 2013 kama pori la mila si pori la serikali. Ilikuwa ushindi mukubwa. Lakini ili pori lihesabiwe kuwa la mila, serikali ya eneo inapaswa kwanza kutambua kabila lile kwa maandishi. Sheria ya inchi nzima juu ya jamii za mila imengoja katika bunge zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo Wabalik waliingia katika mambo ya muji mupya wakiwa wanajulikana na kila mutu, lakini bila utambulisho ule wa maandishi.

Mwaka 2022 wizara ya ardhi ilitoa agizo la kupunguza utoaji na uhamisho wa hati katika eneo la muji mupya. Nia ilieleweka: bei ya mashamba ilikuwa inapanda haraka, na walanguzi walikuwa wanatafuta kununua kwa wakulima ili wauzie serikali. Lakini agizo lilimugusa pia mutu ambaye hakutaka kuuza. Yule ambaye hakuwa na hati mbele ya muji kufika, alikuta mulango wa kuitafuta umekuwa mwembamba zaidi, wakati anaihitaji zaidi.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2023 bunge lilibadilisha sheria ya Nusantara ili kuvuta wenye feza, maana ile asilimia 80 ilikuwa haiji haraka. Sheria mupya ilikubali kampuni ipewe haki ya kutumia ardhi kwa miaka 95, na kuirudilia mara ya pili. Jumla ni miaka 190. Mutoto wa mutoto wa mukubwa wa kampuni angezeeka akiwa bado na haki kwenye shamba lile. Miezi michache kiisha, mukaaji wa Pemaluan alipewa siku 7.

Munamo mwezi wa kumi na moja mwaka 2025, Mahakama ya Katiba ilikata ile miaka 190, kiisha kushitakiwa na mwenyeji wa kabila la Dayak. Ilirudisha kipimo cha kawaida cha inchi: miaka 35, kuongeza 25, na kurudilia 35, kama masharti yanatimizwa. Ni jambo la kushika: mwenyeji, kwa njia ya sheria, alibadilisha jambo ambalo bunge lilikuwa limepitisha.

Muto na makaburi

Muji unahitaji maji. Kwenye muto Sepaku serikali ilijenga ukuta wa kukusanya maji, wenye uwezo wa kutoa lita 3,000 kila segonde. Kwa muji ni kazi nzuri. Kwa Wabalik wenye kukaa kando ya muto, maisha yamegeuka. Muto ulikuwa pahali pa kuoga, kufua, kuvua samaki na kuchota maji ya kunywa. Kiisha ujenzi, wamelalamika kama njia ya kufika majini imefungwa na wanalazimika kununua maji, wakati bomba la muji linapita karibu nao. Makaburi ya wazee pia yalihamishwa juu ya kazi zile. Kaburi liko na bei kwenye liste ya fidia, lakini kwa watu wasio na hati, kaburi ndilo lilikuwa hati.

Serikali iko na majibu yake. Inasema inalipa fidia, inajenga barabara na hospitali, na inafundisha vijana kazi mupya. Si uongo wote. Kuko wakaaji wa Sepaku waliojenga vyumba vya kukodisha kwa wafanyakazi, wengine wakafungua mikahawa, wengine wakapata kazi ya ulinzi. Lakini fidia inalipwa mara moja, na shamba lilikuwa linalipa kila mavuno. Mwenye kupokea feza anakuta mashamba ya jirani yamepanda bei, na feza zile hazinunui tena kipimo kile kile cha udongo.

Nani anawasemea?

Sheria ya Nusantara iliweka muji chini ya Mamlaka yenye mukubwa anayeteuliwa na raisi. Muji hauna bunge lake la kuchaguliwa. Wakaaji watachagua raisi na wabunge wa inchi, lakini hawatachagua muji wao unaongozwa na nani. Ndiyo sababu ile barua ya siku 7 haikushindwa katika baraza. Ilishindwa na kelele. Na kelele si njia ya kutegemea kila siku.

Kwa sasa muji wenyewe unapunguza mwendo. Mwezi wa sita mwaka 2024, mukubwa wa Mamlaka na naibu wake walijiuzulu. Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka ule, sikukuu ya uhuru ilifanyika pale kwa mara ya kwanza, lakini Jakarta nayo ilifanya ya kwake. Raisi Prabowo Subianto, aliyeingia mwezi wa kumi mwaka 2024, ameweka rupia trilioni 48.8 kwa miaka ya 2025 hadi 2029, na serikali yake inasema Nusantara itakuwa muji mukuu wa siasa mwaka 2028.

Mutu anaweza kufikiri kama kupunguza mwendo ni pumziko kwa kijiji. Si lazima. Shamba lililochukuliwa halirudi juu feza zimepungua. Muto uliofungwa haufunguki. Na mwenye kufungua mukahawa juu ya wafanyakazi elfu, anabaki na meza tupu wakienda kwao. Kijiji kiko katikati: mashamba yamepungua, na muji bado haujafika.

Kwa hiyo kipimo cha Nusantara si urefu wa ikulu yake. Ni mambo matatu madogo: kama ofisi ya ardhi itafungua mulango kwa mwenye karatasi ya kijiji, kama Wabalik watatambuliwa kwa maandishi, na kama mama wa Sepaku atachota maji bila kuyanunua. Yote matatu yanawezekana bila kungoja wenye feza. Hayaombi hata rupia trilioni moja.