Picha Isiyo na Mtu

Chuoni tulikosomea Kurani, mwalimu wetu hakutaka kuona kitu chenye roho kikichorwa ubaoni. Mti, sawa. Jahazi, sawa. Jogoo? Fimbo! Asili ya katazo hilo wengi wenu mwaijua: Ibn Abbas alimjibu mtu aliyekuwa akila kwa kuchora kwamba, kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Nami hata leo, na mvi hizi, nikishika simu kupiga picha mkono wenyewe huelekea mti.

Mti huo niliupata Matungu, kule Kakamega, jirani na Mumias, ambako misafara ya watu wetu wa pwani ilifika karne ya 19 na Uislamu ukatia mizizi. Baada ya sala ya alasiri nilitoka kutembea peke yangu. Kule miwa ikiwa mirefu mtu haoni ila ukuta wa majani kushoto na kulia. Ghafla ukuta ukakatika. Mbele yangu shamba tupu, udongo mwekundu, mti mmoja katikati, na juu wingu la rangi moja toka pembe hata pembe. Nikachutama ardhi iwe nyembamba kama uzi, nikasogea hatua mbili ili kibanda kilichokuwa kando kisionekane, nikapiga.

Picha za namna hii zina wanaozibeza: ati hamna kitu ndani. Siwaafiki. Mjapani Hiroshi Sugimoto alianza mwaka 1980 kupiga picha za bahari, nusu maji, nusu mbingu, bila chombo wala ndege. Na sisi tuliozaliwa ufuoni twajua ni mangapi yamo katika mstari ule mmoja. Mtunzi wa mashairi naye, mwenye mizani 16 tu katika mshororo, kazi yake kubwa ni kuacha. Lakini neno lililoachwa sharti lisikike katika yaliyobaki. Lisiposikika, hukufupisha, umeficha.

Na kuficha siku hizi ni rahisi mno. Zipo simu ambazo kijana hugusa kwa kidole tu, mpita njia akafutika, mandhari ikawa safi. Safi kwa nani?

Baada ya magharibi, nje ya msikiti, nilimwonyesha mzee mmoja picha yangu. Aliitazama kitambo.

"Ustadhi, hapa ni kwangu," akasema. "Palikuwa na miwa miaka mingi. Nimeing'oa, nimelimisha, fedha ya mbegu za mahindi bado. Huo mti nauona. Kibanda changu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019. Habari hiyo niliisoma, hata nikaizungumza barazani. Shamba nililoliona tulivu lilikuwa la mtu anayengoja mbegu, na hatua zangu mbili ndizo zilizomtoa.

Asubuhi yake, baada ya alfajiri, nilimwomba tuende wote, asimame mlangoni pa kibanda, mbali, awe mdogo kama alifu. Nilimkumbuka mwalimu wangu na fimbo yake. Mzee alikubali, ila akaniambia ningoje kwanza, arudi nyumbani akavae kanzu.